Boti moja, chambo kilekile: mwenzangu kavua saba, mimi nimeambulia bunju. Kwa nini?

#1 MshipiMtupu
Wakuu, salaam. Juzi nimepanda kwa mara ya kwanza boti ya kuvulia ya kuchangia, zile ambazo kila mtu analipia nafasi yake na mnakutana gatini hamjuani. Tulikuwa wanane. Tumeondoka saa kumi na moja alfajiri, nahodha akatia nanga juu ya mwamba, kina kama mita 40, tukashusha mishipi. Fimbo zote za boti, ndoana za boti, chambo ni ngisi kutoka ndoo moja.

Mzee aliyekaa nyuma kabisa kavua changu sita na chewa mmoja mkubwa. Mwingine kapata wanne, wengine mmojammoja au wawili. Mimi kwa saa sita nimevua bunju mmoja, akajivimbisha mbele ya macho yangu kama anacheka. Baharia akanikata mshipi hata picha sijapiga.

Sitaki kufarijiwa. Nataka kujua: ni bahati, ni mahali nilipokaa (nilikuwa mbele, karibu na omo), ni mkono wangu, au mabaharia wana watu wao? Mana mzee yule walikuwa wanamwita kwa jina.

#2 kolekole_mjanja
Karibu chamani. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nanunua samaki nikirudi ili nyumbani wasinicheke. Bunju angalau ni samaki.

#3 Nahodha Mstaafu
Mwanangu, jibu liko kwenye nanga. Boti ikiwa imetia nanga, mkondo unaigeuza mpaka omo inaelekea unakotoka mkondo na tezi, yaani nyuma ya boti, inaelekea unakokwenda. Sasa fikiria ngisi wote wanaokatwakatwa, damu, mabaki yanayomwagwa: harufu yote inatiririka kuelekea nyuma. Samaki hufuata ule mchirizi wa harufu kutoka mbali, wanapanda nao wakija kwenye boti. Chambo cha kwanza wanachokutana nacho ni cha nani? Cha mzee wa tezini. Wewe wa omo unapata waliobaki, tena waliokwisha kushiba.

Na bado. Mshipi wako wa mbele unasukumwa na mkondo chini ya boti, unakwenda kushikana na wa wenzako. Ulinaswa mara ngapi?

#4 MshipiMtupu
Nahodha, shikamoo. Mara tano au sita. Mara mbili nilidhani nimepata papa, kumbe ni jamaa wa upande wa pili naye anavuta akidhani kapata papa.

#5 Mama Ndoana
😂😂 Mmevuana.

#6 chubwi_zito
Nahodha #3 heshima yako, ila mimi safari yangu bora kabisa nilikuwa omoni. Wa tezini walikuwa wanatutazama tu. Kwa hiyo hiyo kanuni ya tezi mimi siiamini.

#7 Nahodha Mstaafu
@chubwi_zito mlikuwa mmetia nanga au mnaelea?

#8 chubwi_zito
Tulikuwa tunaelea, injini imezimwa.

#9 Nahodha Mstaafu
Basi hujanipinga, umebadilisha habari. Boti ikielea hukaa ubavu kwa upepo, na upepo unaisukuma. Hapo cha kuangalia si tezi na omo bali joshini na demani. Aliye joshini, upande upepo unakotoka, boti inamkimbia mshipi wake, unabaki mbele yake umenyooka. Aliye demani boti inaupanda mshipi wake, unaingia chini ya mkuku, unasuguana na ubao, na akipata samaki anampigania huku kainama kama anatafuta pete. Manahodha waungwana hugeuza boti kila mara wanaporudia mkondo ili pande zibadilishane. Wavivu hawageuzi.

#10 JichoLaSamaki
Mnakimbilia mkondo na upepo, hamjamuuliza mtu swali la msingi. @MshipiMtupu ndoana zilikuwa za umbo gani? Zile za kawaida zenye umbo la herufi J, au zile za duara ambazo ncha imegeukia ndani kuelekea shina?

#11 MshipiMtupu
Za ncha ya kugeukia ndani. Nilijiuliza hata zinanasa vipi.

#12 JichoLaSamaki
Na samaki akidona ulikuwa unafanya nini?

#13 MshipiMtupu
Navuta kwa nguvu zote, kama nilivyozoea kwenye bwawa.

#14 JichoLaSamaki
Uzi ufungwe.

Haya, nifafanue. Ndoana ya J unaichoma wewe: samaki akidona, unapiga fimbo, ncha inaingia. Ndoana ya duara inajichoma yenyewe. Samaki anameza, anageuka kuondoka, mshipi unakaza, ndoana inateleza kutoka ndani mpaka kwenye kona ya mdomo na hapo inajizungusha na kunasa. Ukipiga fimbo kabla hajageuka unaichomoa kinywani ikiwa safi kabisa, kwa sababu ncha haielekei nje. Kazi yako ni kutulia, kuacha fimbo ipinde, halafu kuzungusha rili taratibu. Ndiyo maana boti nyingi za wageni zinazipenda: zinanasa mdomoni badala ya tumboni, na samaki wa kurudishwa majini ana nafasi nzuri ya kuishi.

Kwa hiyo wewe saa sita ulikuwa unawanyang'anya samaki chakula.

#15 MshipiMtupu
Aisee. Sasa nimekumbuka kitu. Yule mzee muda mwingi fimbo yake ilikuwa kwenye kishikio, yeye anakunywa chai. Nikajua ni dharau.

#16 JichoLaSamaki
Dharau gani, huo ndio ufundi.

#17 baharia_wa_zamani
Nimefanya kazi ya sitaha miaka minne, acheni niseme lisilosemwa. Ndiyo, tunao watu wetu. Mteja anayerudi kila mwezi, anayejua kutoa samaki kwenye ndoana mwenyewe, asiyetapika kwenye ndoo ya chambo, huyo utampa tezi bila kuombwa. Siyo rushwa. Ni kwamba akiwa tezini hanisumbui, nami napata muda wa kuwahudumia ninyi mnaovuana.

Lakini kuna jambo jingine dogo. Mteja mzoefu ananiambia "niongezee chubwi," yaani ule uzito wa kuzamisha mshipi. Mgeni hasemi. Mkondo ukizidi, chubwi jepesi haligusi chini, linapeperuka katikati ya maji, na changu na chewa wako chini kwenye mawe. Nakumbuka watu waliovua asubuhi nzima mita kumi juu ya samaki.

#18 MshipiMtupu
Nitajuaje kama limefika chini?

#19 baharia_wa_zamani
Mshipi unalegea ghafla. Usipolegea, hujafika. Ukifika, zungusha rili mara mbili tatu ili chambo kisilale kwenye mawe. Kila baada ya dakika chache shusha tena uguse. Na mkiwa wengi ubavu mmoja, tumieni machubwi ya uzito mmoja, mishipi itapinda kwa mkondo sawasawa na haitakutana. Mmoja mwenye chubwi jepesi anatosha kuwafunga wote kama nywele za kusuka.

#20 Bi Pima
Na uzi wenyewe je? Uzi wa kusuka ni mwembamba kuliko wa nailoni wa nguvu ileile, kwa hiyo mkondo unausukuma kidogo, na haunyumbuki, unasikia hata samaki akipumua. Wa nailoni ukiwa mita 40 chini unanyumbuka kama mpira. Samaki anadona, anakula, anaondoka, ujumbe unakufikia ameshalala.

#21 MshipiMtupu
Fimbo zilikuwa za aina moja dada, uzi uleule.

#22 Bi Pima
Una hakika na ya mzee? Wazoefu wengi hubeba ya kwao.

#23 MshipiMtupu
...ilikuwa na rangi tofauti.

#24 kolekole_mjanja
Hahaha shahidi anabadilisha maelezo mahakamani. #1 alisema fimbo zote za boti.

#25 Sharubu za Kambare
Ninyi mnazungumza fizikia. Swali la kwanza kwenye boti yoyote ya kuvulia ni hili: nani alibeba ndizi?

#26 MshipiMtupu
Mimi. Tatu. Kwa nini?

#27 Mama Ndoana
YALAA 😂😂😂

#28 kolekole_mjanja
Uzi umefungwa kwa mara ya pili.

#29 Sharubu za Kambare
Kwa wasiojua: manahodha wengi wa boti za kukodi, hasa wa uvuvi wa samaki wakubwa, hawataki ndizi ndani ya chombo. Wapo watakaoitupa baharini kabla hawajawasha injini. Mie niliwahi kuulizwa kama mafuta yangu ya ngozi yana harufu ya ndizi, na nahodha hakuwa anatania.

#30 JichoLaSamaki
Ushirikina mtupu. Asili yake nilivyosikia: zamani meli za kubeba ndizi zilikwenda mbio ili mzigo usiharibike, na mabaharia waliotupa mishipi nyuma hawakupata kitu kwa sababu ya mwendo. Basi ndizi zikalaumiwa.

#31 Bi Pima
Mimi nilisikia ni buibui na nyoka waliojificha kwenye mikungu.

#32 chubwi_zito
Na mimi nilisikia ndizi zikiiva hutoa gesi inayoharakisha matunda mengine kuiva na kuoza, chakula cha safari kinaharibika. Gesi ipo kweli, inaitwa ethilini, hata nyumbani weka ndizi mbivu na parachichi gumu kwenye mfuko uone. Ila samaki hawana habari nayo.

#33 Nahodha Mstaafu
Sababu tatu za jambo moja maana yake hakuna anayeijua. Mimi kwenye boti yangu nilikataza ndizi kwa sababu ya maganda. Sitaha ina maji, ina utelezi wa samaki, mtu akanyage na ganda, aende na visu vya chambo mkononi? Hapana.

#34 Sharubu za Kambare
Nahodha nawe umekataza, sababu umeitafuta baadaye.

#35 Nahodha Mstaafu
Yawezekana.

#36 mwezi_mpevu
Naona mmesahau mwezi. @MshipiMtupu ilikuwa siku gani ya mwezi? Kama ilikuwa bamvua, maji yanakwenda kasi mno, uvuvi wa chini unakuwa mgumu. Maji mafu ndiyo mazuri. Bamvua ni mwezi mpevu.

#37 chubwi_zito
Sahihisho: bamvua ni mwezi mpevu *na* mwezi mwandamo, mara mbili kwa mwezi, jua na mwezi vikivuta kwa mstari mmoja. Maji mafu ni mwezi ukiwa nusu. Na hata siku ya bamvua kuna muda maji yanatulia kati ya kujaa na kupwa. Sehemu nyingi maji hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo maana kesho hayajai saa ileile ya leo.

#38 Bi Pima
Sawa, lakini mwezi uliwaangazia wote wanane. Swali la mleta uzi ni kwa nini *yeye* na si mzee. Chochote kilichowapata wote hakijibu swali.

#39 mwezi_mpevu
Hapo umenipiga chini.

#40 Hesabu Kidogo
Nimesoma uzi wote, sijawahi kuvua hata dagaa, ila napenda namba. @MshipiMtupu boti nzima mlivua samaki wangapi, bunju tumtoe?

#41 MshipiMtupu
16. Walipangwa sitahani kwa picha ya pamoja. Nimo kwenye picha, nimeshika wa mtu.

#42 Hesabu Kidogo
Tuchukulie hakuna tezi, hakuna ndoana, hakuna ndizi. Kila samaki anachagua mmoja wa wanane kwa kubahatisha tu. Uwezekano wa wewe kukosa samaki mmoja ni 7 kwa 8. Kuwakosa wote 16 ni hiyo 7/8 ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara 16, inakuja karibu asilimia 12. Mko wanane, kwa hiyo kwa wastani karibu mtu mmoja kwenye kila boti ya namna hiyo atarudi mikono mitupu, hata kama wote ni mafundi sawa. Mtu huyo safari hii ulikuwa wewe. Sifuri yako haihitaji maelezo yoyote.

Kinachohitaji maelezo ni mzee. Mtu *yeyote* kati ya wanane kufikisha saba au zaidi kwa bahati tupu ni kama asilimia 1.5. Mmekuwa mkimchunguza asiyestahili.

#43 kolekole_mjanja
Huyu aliyesema hajawahi kuvua ndiye wa kwanza kusema la maana.

#44 MshipiMtupu
Kwa hiyo mimi ni wa kawaida. Hii ni faraja, na nilisema sitaki faraja.

#45 JichoLaSamaki
@Hesabu Kidogo hesabu nzuri ila umechukulia samaki wanakuja mmojammoja bila kujuana. Changu hutembea makundi. Kundi likipita chini ya mshipi wa mzee, anapata wanne kwa dakika kumi. Hao si bahati nne, ni bahati moja iliyozaa.

#46 Hesabu Kidogo
Kweli. Hapo 1.5 inapanda, sijui mpaka wapi. Ila na sifuri yako inazidi kuwa ya kawaida @MshipiMtupu.

#47 dawa_ya_mbu
Hakuna aliyetaja harufu ya mikono. Nilipaka mafuta ya kuzuia jua, nikachomeka chambo, saa nzima hamna kitu. Nikaosha mikono kwa maji ya chumvi na kuisugua na ngisi, wakaanza. Samaki wananusa vizuri sana. @MshipiMtupu ulipaka?

#48 MshipiMtupu
Nilipaka, tena mara tatu. Jua la baharini linakupiga kutoka juu na kutoka majini.

#49 JichoLaSamaki
@dawa_ya_mbu au saa ile ulipoosha mikono ndipo maji yalipoanza kutembea.

#50 dawa_ya_mbu
Au. Lakini sasa naosha mikono kila mara, nawe mafuta ya jua upake tu, ila shika chambo kwa kitambaa.

#51 Mama Ndoana
Kuna jambo limenikaa tangu #1. Mzee kaondoka na saba wote? Hakugawa?

#52 MshipiMtupu
Kaondoka nao wote. Chewa peke yake angetosha watu wanne.

#53 Mama Ndoana
Na nauli mlilipa sawa?

#54 MshipiMtupu
Sawasawa.

#55 Mama Ndoana
Mimi hapo ndipo ningeanzisha uzi wangu.

#56 baharia_wa_zamani
Inategemea na boti, na ni swali la kuuliza KABLA ya kulipa. Nimeona desturi tatu. Moja, unachovua ni chako. Mbili, samaki wote wanawekwa pamoja wanagawanywa kwa vichwa. Tatu, samaki ni wa boti, mteja anapata kipande cha kula, waliobaki wanauzwa. Hii ya tatu watu wengi hawaijui mpaka wafike gatini, ndipo kelele zinaanza.

#57 Sharubu za Kambare
Kwa uvuvi wa kurambaza ndiyo kizungumkuti zaidi. Hapo boti inakwenda na mishipi mitano sita inaburuzwa nyuma, hakuna mwenye mshipi wake. Ikigongwa, nani anavuta? Kwetu tulipiga kura asubuhi, kila mtu akapata namba. Namba yangu ilikuwa 3. Sulisuli akagonga zamu ya tatu ilipofika, akaruka mara nne juu ya maji, kitu ambacho mtu anakingoja maisha yake yote. Mimi nilikuwa nimeinamia ubavu wa demani natapika. Wakampa namba 4.

#58 kolekole_mjanja
Pole. Angalau ulichagua ubavu sahihi.

#59 Sharubu za Kambare
Ninachouliza kwa uchungu mpaka leo: yule sulisuli ni wa nani?

#60 Nahodha Mstaafu
Wa namba 4. Aliyeshika fimbo. Tena kwa kanuni za IGFA, lile shirikisho la kimataifa la uvuvi wa michezo lililoanzishwa 1939, mtu mwingine akigusa fimbo, rili au uzi tangu samaki anapogonga mpaka anapofikishwa, huyo samaki haingii kwenye rekodi kabisa. Kupokezana hakuna.

#61 Mama Ndoana
Rekodi ni kitu kimoja, mgawo ni kingine. Samaki wa rekodi anaandikwa jina lako, nyama inaliwa na waliochangia mafuta ya injini.

#62 Nahodha Mstaafu
Mafuta na chambo pia, na aliyekaa omoni akala mawimbi ili wa tezini awe na pa kukaa. Sikatai mama. Ila kwenye boti nyingi utaambiwa mkono ndio mwenye samaki.

#63 JichoLaSamaki
Halafu sulisuli wengi wanarudishwa majini siku hizi, kwa hiyo ni wa bahari. Na kabla hamjaja na ile hadithi ya sulisuli kukimbia kilomita 110 kwa saa: waliompima kwa vifaa wakati akishambulia walipata kama mita 8 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 30 kwa saa. Mwendo wa baiskeli mteremkoni.

#64 Sharubu za Kambare
Aliyenipita mimi alikuwa na 110.

#65 Daktari wa Mezani
Kuhusu kutapika, kwa faida ya wengine: kizunguzungu cha bahari kinatokana na sikio la ndani kuambia ubongo "tunayumba" wakati macho yanayotazama sitaha au simu yanasema "tumetulia." Tazama upeo wa macho, kaa katikati ya boti na chini, epuka moshi wa dizeli. Vidonge vinamezwa kabla ya kuondoka, ukishaanza kutapika umechelewa. Vingi vinaleta usingizi, kwa hiyo muulize mfamasia kwanza, hasa kama una dawa nyingine unayotumia.

#66 chubwi_zito
Katikati ya boti na chini, halafu tezi ndiyo yenye samaki na moshi. Chagua.

#67 Mama Ndoana
Tangawizi je?

#68 Daktari wa Mezani
Wengine inawasaidia, wengine haiwasaidii, majaribio yamekuja na majibu mchanganyiko. Haina madhara ya maana, tafuna.

Nikiwa hapa hapa: wale mnaovua jodari, mtie kwenye barafu mara tu akifika sitahani. Akikaa juani bakteria hutengeneza histamini kwenye nyama, na histamini haiondoki kwa kupika. Uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, mtu anadhani ana mzio wa samaki kumbe ni samaki aliyeachwa juani.

#69 kolekole_mjanja
Na mzia mkubwa wa kwenye matumbawe je? Mie nampika mpaka anakauka, kwa usalama.

#70 Daktari wa Mezani
Kupika hakukusaidii hapo pia. Sumu ya mzia wakubwa inatokana na vijimea vidogo vya kwenye matumbawe, inapanda kutoka samaki mdogo hadi mkubwa, na haijali moto wala barafu. Mzia mkubwa wa matumbawe mwache. Na yule bunju wa #1, baharia alifanya vyema kukata mshipi. Sumu yake iko hasa kwenye ini na mayai, na haina dawa ya kuiondoa.

#71 MshipiMtupu
Kwa hiyo kwa saa sita samaki pekee niliyempata angeniua. Ahsanteni wakuu.

#72 MshipiMtupu
Mrejesho. Nimelipia tena, boti ileile. Nimenunua glavu za kushikia chambo, nimejifunza kutopiga fimbo (nafanyia mazoezi sebuleni, mke wangu ndiye samaki, anavuta uzi). Ndizi zimebaki nyumbani, sijasema naamini, nimesema zimebaki. Nikamwomba nahodha nafasi ya tezini, akajibu mzee ameshaiwahi.

Halafu jana jioni ameahirisha. Kasema mawimbi ya mita 1.5. Mbona safari iliyopita yalikuwa mita 1.5 hizohizo na tulikwenda?

#73 chubwi_zito
Kahofia nini, mita moja na nusu si kitu.

#74 Nahodha Mstaafu
Uliza na muda kati ya wimbi na wimbi. Mita 1.5 ikija kila sekunde 12 ni kilima cha mteremko, boti inapanda na kushuka kama inabembelezwa. Mita 1.5 kila sekunde 5 ni ukuta baada ya ukuta, mtaloa, mtaumia viuno, nanga haitashika vizuri. Tena hiyo namba ya utabiri ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi makubwa zaidi, siyo kubwa kuliko yote. Litakuja moja moja la karibu mara mbili yake. Nahodha anayeahirisha, rudi kwake.

#75 baharia_wa_zamani
Naunga mkono. Pia kagua siku ya kupanda: majaketi ya kuokolea yapo ya idadi ya watu na unajua yalipo, redio ya VHF inawaka na mtu anasikiliza chaneli 16, na nyumbani kuna mtu anayejua mnakwenda wapi na mnarudi saa ngapi. Simu haitoshi, ukitoka mbali mtandao unakuacha.

#76 Mama Ndoana
Na muulize kama akiahirisha yeye, pesa inarudi au inahamia safari nyingine. Mimi iliwahi kuhamia, ikahama na boti nyingine kabisa.

#77 MshipiMtupu
Imehamia Jumamosi ijayo. Nimeuliza na samaki: unachovua ni chako. Nafasi mbili zimebaki, watu wawili wamejitoa. Kuna anayekuja?

#78 Hesabu Kidogo
Nakuja. Sijawahi kuvua, nitakuwa kipimo chenu.

#79 Sharubu za Kambare
Na mimi. Natanguliza kabisa: tezi kushoto ni yangu.

#80 MshipiMtupu
Mzee ndiye mwenye tezi kushoto.

#81 Sharubu za Kambare
Basi kulia.

#82 baharia_wa_zamani
Nimempigia nahodha wenu, tunafahamiana. Anasema Jumamosi hatii nanga, mtaelea.

#83 Sharubu za Kambare
Upepo utatoka upande gani?